Sura ya Tano: Wasikilizaji wa Swansea

Gari la mahabusu nchini Uingereza halifanani sana na karandinga letu. Ndani yake hakuna mabenchi marefu ambapo watu hukaa magoti kwa magoti wakipeana habari za kesi. Limekatwakatwa vijumba, kila kimoja cha mtu mmoja, chenye kiti kigumu na kidirisha kisichofunguka. Mtu aliyenyimwa dhamana mchana anaweza kuzungushwa humo hadi usiku uingie, gari likipita mahakama moja baada ya nyingine kukusanya wengine, na akafikishwa gerezani wakati zamu ya mchana inataka kwenda nyumbani. Mapokezi yana haraka: jina, alama za vidole, upekuzi, maswali ya muuguzi, simu ya dakika chache. Kisha mlango unafungwa.

Wanaochunguza vifo vya magerezani wamejifunza kuzihofia saa zinazofuata. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti wa Kimarekani, Lindsay Hayes, alikusanya taarifa za watu waliojiua katika jela za wilaya za nchi yake, zile ambazo kazi yake kubwa ni kama ya rumande zetu, yaani kuwashikilia watu ambao kesi zao hazijaisha. Nusu yao walikufa kabla ya saa 24 kutimia tangu waingie, na zaidi ya robo hawakumaliza hata saa tatu. Robo tatu walikuwa wamekamatwa kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu, na wengi walifikishwa wakiwa wamelewa pombe au dawa.

Wengi wetu tukisikia mtu amejiua gerezani tunamfikiria mfungwa wa miaka mingi, mwuaji anayeandamwa na dhamiri. Huyo naye yupo, na nitamrudia. Lakini waliokuwa wakifa kwa haraka katika jela zile walikuwa watu wa makosa madogo: aliyekamatwa akiendesha gari amelewa, kijana aliyezozana na polisi barabarani, baba wa watu ambaye hajawahi kulala sero hata usiku mmoja na anayewaza asubuhi mkewe, mwajiri na waumini wenzake watasema nini. Pombe inashuka kichwani na aibu inapanda. Hajui kama atakaa humo siku mbili au mwaka, na aliye karibu naye ni askari mwenye funguo ambaye hamjui jina.

Jambo la kutisha hapo ndilo pia la kutia moyo. Kifo kinachokuja wakati unaojulikana kinaweza kuzuiwa wakati huohuo. Mwaka 1983 jela hizo za Marekani zilikuwa na vifo 129 vya kujiua kwa kila mahabusu 100,000. Mwaka 2002 vilikuwa 47. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katikati ambayo ingetosha kueleza mteremko huo. Kilichobadilika ni kazi ya mlangoni. Askari walifundishwa kuuliza maswali machache kwa kila anayeingia. Umewahi kujaribu kujiua? Unafikiria hivyo sasa? Umefiwa au umeachwa karibuni? Askari aliyemleta aliulizwa mtu huyu alikuwaje njiani. Aliyeonekana yuko hatarini hakuachwa peke yake. Hayes aliporudia utafiti wake miaka 20 baadaye, waliokufa ndani ya saa 24 za mwanzo walikuwa wameshuka kutoka nusu hadi karibu robo.

Ningependa kusema kwamba huruma ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo. Sehemu kubwa ililetwa na mawakili. Familia za waliokufa zilizishtaki wilaya, mahakama zikaamuru fidia, na viongozi ambao hawakushtushwa na maiti walishtushwa na hundi. Sioni haya kulisema. Anayetetea maisha ya wafungwa mbele ya serikali yoyote ajue kwamba bajeti nayo ina masikio.

Uingereza ilifika kwenye jambo hilihili kwa njia nyingine, na njia hiyo inavutia zaidi kwa sababu ilipita mikononi mwa wafungwa wenyewe.

Mwaka 1990 ulikuwa mbaya kwa magereza ya nchi hiyo. Mwezi Aprili wafungwa wa Strangeways, Manchester, waliliteka gereza lao na kukaa juu ya paa kwa siku 25, wakipinga msongamano na kuishi na ndoo ya choo ndani ya sero. Mwezi Julai, katika gereza la Swansea, kusini mwa Wales, mvulana wa miaka 15 alijitoa uhai. Hakupaswa kuwa katika gereza lile. Alipelekwa humo kwa sababu hakukupatikana nafasi mahali panapofaa watoto. Desemba ya mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa Magereza, Jaji Stephen Tumim, alitoa ripoti kuhusu kujiua na kujidhuru magerezani. Alichokikosoa zaidi ni mazoea ya kulitazama jambo hili kama kazi ya daktari peke yake. Askari alipomwona mtu amenyong'onyea, alijaza fomu, akaipeleka kwa daktari wa gereza, akajiona ametua mzigo. Tumim alisema sera ilisahau upande wa kijamii: mahali mtu anapoishi, anayemsemesha, anachokifanya mchana kutwa.

Tawi la Swansea la shirika la Samaritans lilikuwa karibu, na uongozi wa gereza uliwafungulia mlango. Mwaka 1991 wajitolea wa shirika hilo waliwafundisha wafungwa wachache kazi ya kuwasikiliza wenzao. Wakaitwa Wasikilizaji. Mpango huo ulianza kama jaribio la gereza moja, na leo umeenea karibu katika magereza yote ya Uingereza na Wales.

Kuuelewa kunahitaji kurudi nyuma hadi kwa mwanzilishi wa Samaritans, padri wa Kianglikana aitwaye Chad Varah. Mwaka 1935, akiwa kijana aliyeanza tu utumishi huko Lincoln, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua baada ya kuona damu ya hedhi yake ya kwanza. Msichana yule hakuwa na mtu wa kumuuliza, akadhani amepata ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1953, sasa akiwa na kanisa London, Varah alitangaza namba ya simu kwa yeyote anayefikiria kujiua. Watu wakaja wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia. Wajitolea wachache walikaa katika chumba cha kusubiri, wakiwapa chai waliongojea zamu ya kumwona padri. Baada ya muda Varah aligundua jambo ambalo mtu mwenye majivuno asingelikubali: wengi wakishaongea na mgawa chai walikuwa hawahitaji tena kumwona yeye. Februari 1954 alikabidhi kazi ya kusikiliza kwa wajitolea hao, watu wa kawaida wasio na shahada ya tiba wala mamlaka ya kanisa.

Swansea ilichukua wazo hilo na kulipitisha ukutani. Mfungwa haogopi kumweleza mfungwa mwenzake kwamba amelia usiku kucha, kwa sababu mwenzake hana rungu, hana faili lake, na hatakaa kwenye kikao cha kuamua kama anastahili kupunguziwa adhabu. Na mwenzake anajua. Daktari anaweza kusoma vitabu vyote kuhusu mtu aliyeachwa na mke akiwa kifungoni. Msikilizaji wa ghorofa ya pili huenda aliachwa mwaka jana.

Uteuzi wao hauachiwi gereza. Mfungwa anajitokeza, gereza linaangalia usalama tu, na Samaritans ndio wanaomfundisha kwa wiki kadhaa na kusema anafaa au hafai. Wengi hushangaa wakiambiwa wasitoe ushauri. Katika gereza kila mtu ni mwanasheria, kila mtu ni mchungaji, kila mtu ana dawa ya mkeo. Msikilizaji anafundishwa kuuliza na kunyamaza, na kuuliza waziwazi: unafikiria kujiua? Watu wa kwetu husitasita kulitamka swali hilo wakihofia kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kuuliza hakupandi wazo; anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu ya kuwa na mtu mmoja anayejua.

Usiku mfungwa hubonyeza kengele ya sero, akamwambia askari anamtaka Msikilizaji. Askari anatakiwa kumfungulia Msikilizaji na kumleta, saa yoyote. Hapo ndipo mpango huu hukwama mara nyingi. Zamu ya usiku ina askari wachache, kufungua milango miwili baada ya saa za kufunga ni kazi na ni hatari, na askari aliyechoka husema kesho. Ripoti za wakaguzi zimelirudia lalamiko hilo mwaka baada ya mwaka. Magereza mengine yana chumba maalumu chenye viti vya kawaida na birika, ambamo wawili hao wanaweza kukaa hadi alfajiri. Mengine yanawaacha wazungumze kupitia mlango wa chuma uliofungwa.

Kanuni inayowasumbua zaidi watu wa usalama ni ya siri. Askari akisikia mfungwa anataka kujiua, ni wajibu wake kuripoti. Msikilizaji hatakiwi kuripoti. Atamtia moyo mwenzake azungumze na askari au muuguzi, atamwuliza kama anakubali yeye amsemee, lakini akikataliwa, jambo linabaki pale. Afande yeyote wa kwetu akisoma hivyo ataweka kitabu chini. Mtu akifa, je? Swali hilo limeulizwa Uingereza pia, na mbele ya familia za marehemu. Jibu la Samaritans halijabadilika: siku Msikilizaji wa kwanza atakapoonekana ofisini akinong'ona, siku hiyo hakuna atakayewaita tena, na waliokuwa wakiwaita kwa miaka yote watakosa wa kumwita. Mimi nasimama upande wao, ila sitasema kwamba jambo hili ni jepesi. Anayelibeba ni mfungwa aliyesikia usiku kwamba jirani yake hataki kuishi, kisha akarudi sero yake na mlango ukafungwa. Wajitolea wa nje huja mara kwa mara kuwasikiliza Wasikilizaji nao, kwa sababu bila hivyo mzigo ungewazamisha.

Ukiifuata mantiki hiyo hadi mwisho, utaona kwamba karibu kila kinachofaa katika kazi hii humrahisishia mtu kusema, na karibu kila kinachodhuru humwadhibu kwa kusema. Mfano ulio wazi zaidi ni kile kinachofanywa kwa nia njema. Katika magereza mengi ya dunia mfungwa akikiri kwamba anafikiria kujiua, anavuliwa nguo, anavishwa gauni zito lisilochanika, anapelekwa kwenye sero tupu yenye taa isiyozimwa, na haki zake za kutembelewa na kutoka nje zinasimama. Kimwili yuko salama. Lakini wenzake wote wameona, na muuguzi atakapowauliza kesho kama wana mawazo ya kujiua, watajibu kwa sauti moja kwamba wako vizuri kabisa. Yeye mwenyewe, baada ya siku mbili za baridi na aibu, atasema amepona ili arudishiwe suruali yake. Hayes ameandika mengi kupinga mtindo huo, akisisitiza kwamba kumwangalia mtu si sawa na kumvua utu.

Uingereza ilijaribu kutengeneza utaratibu bora. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mfungwa aliye hatarini hufunguliwa jalada la rangi ya chungwa linalomfuata kila aendako gerezani. Afisa aliyefundishwa anakaa naye ndani ya saa 24 na kuzungumza, kikao kinamhusisha mfungwa mwenyewe, na unaandikwa mpango: apigiwe simu mama yake, ahamishiwe bawa lingine la gereza ambako hadaiwi, apewe kazi jikoni, atazamwe mara ngapi kwa saa. Ni utaratibu mzuri, na mtaalamu yeyote angeusifu. Kisha soma ripoti za uchunguzi baada ya vifo. Nchini humo kila kifo cha mfungwa aliyejiua huchunguzwa na ofisi huru, na baadaye na mahakama ya vifo yenye baraza la raia walioapishwa. Ripoti hizo zina habari inayojirudia hadi inachosha: jalada lilikuwapo, limejazwa, limesainiwa kila baada ya saa moja kamili ingawa mwongozo unataka askari aende kwa nyakati zisizotabirika, na katika safu ya maelezo imeandikwa kwamba mfungwa ametulia, amelala. Hakuna aliyemsemesha. Makaratasi yalikuwa na afya njema kuliko mtu.

Silaumu askari mmoja mmoja. Tazama hesabu. Kati ya mwaka 2010 na 2016 serikali ya Uingereza ilipunguza askari wa mstari wa mbele wa magereza kwa zaidi ya robo, katika mpango wa kubana matumizi. Wafungwa hawakupungua kwa kadiri hiyo. Askari wenye uzoefu walilipwa waondoke, na walioajiriwa baadaye walikuwa vijana wasiojua nani kwenye bawa amenyamaza kuliko kawaida yake. Mwaka 2010 wafungwa waliojiua Uingereza na Wales hawakufika 60. Mwaka 2016 walipita 110, idadi kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kutunzwa kwa utaratibu wa sasa. Kulikuwa na sababu nyingine, zikiwamo dawa mpya za kulevya zilizoingia kwa wingi wakati huo. Hata hivyo jibu la serikali yenyewe lilionyesha ilipoona tatizo: iliajiri askari upya, na kuanzia mwaka 2018 ikaleta mpango wa kumpa kila afisa wafungwa wapatao sita ambao atakaa na kila mmoja dakika 45 kwa wiki. Kuzungumza tu. Ni jambo lililokuwa likifanyika bila mpango wowote katika gereza lenye watu wa kutosha.

Mtaalamu wa elimu ya jinai wa Cambridge, Alison Liebling, alizungumza na vijana waliojaribu kujiua gerezani na wengine waliofungwa pamoja nao ambao hawakujaribu, akachapisha kitabu chake mwaka 1992. Moja ya tofauti alizoziona ilikuwa ya kawaida mno: waliojaribu hawakuwa na uwezo wa kujishughulisha wakiwa wamefungiwa. Hawakusoma, hawakuandika barua, hawakuchora. Walilala na kuwaza. Mfungwa mwenye karakana, shule au shamba mchana, na mtu wa kuongea naye jioni, anaweza kuwa na huzuni ileile lakini haimpati akiwa peke yake kwa saa 23.

Upweke huo umepimwa vizuri zaidi New York. Mwaka 2014 madaktari wa jela za jiji hilo, kubwa yao ikiwa Rikers Island, walichapisha uchambuzi wa maelfu kwa maelfu ya watu waliopitia humo. Waliowahi kuwekwa katika sero ya adhabu, peke yao, walikuwa kama asilimia 7 ya walioingia jela. Lakini zaidi ya nusu ya matukio ya kujidhuru yalitoka kwao. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela, ambazo zinakataza kumweka mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinamtaka mhudumu wa afya anayempokea mfungwa mpya atafute dalili za hatari ya kujiua. Mandela mwenyewe alijua kitu kuhusu kuta za namna hiyo.

Hapa inafaa kulisema jambo linalowachanganya wasomaji. Ukipanga nchi tajiri kwa viwango vya wafungwa wanaojiua, juu kabisa hukuti zile zenye magereza yanayotisha. Uchambuzi wa nchi 24 uliochapishwa mwaka 2017 uliziweka nchi za Nordiki juu, nyingi zikiwa na zaidi ya vifo 100 kwa kila wafungwa 100,000, Ufaransa na Ubelgiji zikifuata. Marekani, yenye magereza ya kuogofya, ilikuwa upande wa chini wa orodha. Sehemu ya maelezo ni kwamba nchi inayofunga watu wachache hubaki na wenye matatizo makubwa zaidi, ilhali Marekani hufunga umati. Sehemu nyingine ni kwamba gereza la Norway humpa kila mtu chumba chake, na tafiti zilizokusanya ushahidi wa nchi nyingi zimeona kulala peke yako ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari zaidi, pamoja na kutokuwa na wa kukutembelea. Kitanda kizuri hakikuulizi umeamkaje.

Lakini mtu asichukue hilo kama sifa kwa mabweni yetu, ambamo watu hulala ubavu na kugeuka kwa amri moja. Msongamano huleta kifua kikuu, vipele, ugomvi na unyanyasaji, na mtu anaweza kujiona yuko peke yake katikati ya watu 100. Kinachoonyeshwa na takwimu hizo ni kwamba tunacho kitu ambacho Waingereza walilazimika kukiunda upya. Katika kila sero ya Kenya na Tanzania yupo nyapara, mfungwa anayewasimamia wenzake. Anajua nani hajala, nani hakutembelewa Jumapili, nani ametoka mahakamani na kesi imeahirishwa kwa mara ya nane. Kwa sasa kazi yake ni nidhamu, na katika sehemu nyingine kazi yake ni vitisho. Kenya imekwisha kuonyesha kwamba mfungwa anaweza kufundishwa kuwasaidia wenzake kwa ustadi: wapo waliosomea sheria wakiwa ndani, wanaowaandikia wenzao rufaa, na wengine wameachiwa huru kwa kazi yao. Wajitolea wa kusikiliza nao wapo Nairobi, Befrienders Kenya, shirika la ukoo uleule ulioanzia kwa Varah na wagawa chai wake. Kuzikutanisha njia hizo mbili hakuhitaji jengo.

Niliahidi kumrudia mfungwa wa muda mrefu. Huyu hatishwi na usiku wa kwanza. Anatishwa na kutokuwapo kwa usiku wa mwisho. Kuanzia mwaka 2005 mahakama za Uingereza na Wales zilianza kutoa adhabu ya aina mpya: mtu alipangiwa muda wa chini wa kukaa ndani, wengine chini ya miaka miwili, na baada ya hapo alibaki hadi bodi ya parole iridhike kwamba si hatari tena. Zaidi ya watu 8,000 walipewa adhabu hiyo. Ili kuiridhisha bodi walitakiwa kumaliza kozi, na kozi nyingi hazikuwapo katika magereza waliyowekwa. Miaka miwili ikawa kumi, ikawa kumi na tano. Bunge liliifuta adhabu hiyo mwaka 2012, lakini kwa kesi mpya tu. Waliokwisha kuipata walibaki nayo. David Blunkett, waziri aliyeileta, amesema hadharani kwamba anaijutia. Zaidi ya 80 kati yao wamejiua wakiwa gerezani. Hakuna Msikilizaji anayeweza kumpa mtu tarehe. Hapo kinga ya kujiua ni sheria, na anayeishika kalamu ni mbunge.

Sheria inatuhusu sisi kwa namna nyingine tena, na kwa ukoo wa moja kwa moja. Waingereza walituachia kanuni za adhabu ambamo kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Wao wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na nakala zao zikabaki kufanya kazi huku. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyenusurika kustahili hadi miaka miwili jela. Watu waliookolewa kwenye mito na majumbani walitolewa hospitali, wakapandishwa kizimbani, na wengine wakapelekwa rumande, mahali ambapo sura hii yote inasema hatari huwa kubwa kuliko kwingine.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Miongoni mwa walalamikaji walikuwamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Habari nyingi za magazeti ziliutazama uamuzi huo kwa macho ya watu walio uraiani. Ndani ya gereza uzito wake ni mkubwa zaidi. Swali la kwanza katika orodha yoyote nzuri ya mapokezi ni hili: umewahi kujaribu kujiua? Kabla ya siku hiyo, askari wa Kenya aliyeliuliza alikuwa, kisheria, anamtaka mahabusu aungame kosa jingine mbele ya mwenye pingu. Sasa anaweza kuliuliza kama anavyouliza habari ya pumu au kisukari, na kuandika jibu kwenye kadi ya zahanati. Tanzania Bara, hadi ninapoandika, jibu la ndiyo bado lina kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu.